Wasiwasi wa Udhu: Tiba ya Mazungumzo Inavyobadilisha Ubongo

Mara nyingi kurasa za afya na usafi humhimiza mtu anawe: anawe kabla ya kula, anawe atokapo chooni, amnawishe mtoto. Hayo ni haki na yataendelea kusemwa. Lakini wapo katika nyumba zetu watu ambao tatizo lao si kuacha kunawa, bali ni kushindwa kuacha. Leo tuwazungumzie hao: maradhi yao ni nini, yako wapi katika mwili, na inakuwaje mazungumzo tu, bila sindano wala upasuaji, yakabadilisha namna ubongo unavyofanya kazi.

Tuchukue mfano. Adhana ya Magharibi imetolewa. Binti wa miaka 17 ameingia uani na ndoo ya maji. Anaosha uso mara tatu, kisha anaona labda maji hayakufika pembeni mwa sikio. Anaanza upya. Akifika miguuni anatia shaka kama ametia nia. Anaanza upya. Anamwita mama yake: "Mama, hivi kisigino nimekiosha?" Mama anajibu, "Umekiosha mwanangu, njoo uswali." Baada ya dakika mbili anauliza tena. Ndoo ya pili inachotwa. Isha inaingia naye hajaswali Magharibi. Mikono yake imepauka, katikati ya vidole imechanika, na anaposimama kuswali anakata swala mara mbili mara tatu kwa kudhani udhu umetenguka.

Kwa familia ya Handeni, ambako shida ya maji ni ya miaka nenda rudi na ndoo moja ina thamani yake, hali hii hugeuka ugomvi. Baba anasema binti ana kiburi. Shangazi anasema amerogwa. Jirani anasema ni uchamungu uliozidi. Huenda wote watatu wamekosea.

UTAJUAJE KUWA NI MARADHI?

Kila mtu hupata wasiwasi. Unafunga mlango, unarudi kuhakikisha, yanaisha. Maradhi ya wasiwasi ni kitu kingine, na alama zake ni hizi:

(a) Wazo linakuja bila kuitwa na linamkera mwenyewe. Anajua kuwa limezidi, lakini haliondoki.

(b) Ili kutuliza moyo analazimika kufanya jambo fulani: kunawa, kuhesabu, kurudia nia, kukagua mlango, kuuliza.

(c) Utulivu anaoupata ni wa muda mfupi. Shaka hurudi, na kila ikirudi inadai zaidi.

(d) Muda unapotea, mara nyingi zaidi ya saa nzima kwa siku, na swala, masomo, kazi au ndoa vinaharibika.

Maradhi haya huwapata takriban watu 2 katika kila 100 katika maisha yao, wanaume kwa wanawake, Waislamu na wasio Waislamu. Mara nyingi huanza utotoni au katika ujana. Asiye Muislamu naye anaweza kunawa mikono mara 60 kwa siku kwa kuogopa vijidudu. Maradhi ni yale yale, ila huvaa nguo ya kile ambacho mtu anakithamini. Anayethamini ibada, humshika kwenye ibada.

WANAZUONI WALILIJUA JAMBO HILI

Wasiwasi katika tohara si jambo geni katika vitabu vyetu. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223 Miladia, aliandika risala nzima ya kulaumu mwenendo wa wenye wasiwasi. Kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliyagawa maradhi ya nafsi katika mafungu manne: hasira, huzuni, hofu, na wasiwasi wa kifuani. Alifundisha kwamba kama vile mwenye afya anavyoweka akiba ya dawa za mwili nyumbani, vivyo hivyo aweke akiba ya fikra njema za kukabiliana na huzuni na hofu zinapomjia. Miaka elfu moja na zaidi baadaye, tiba ya kisasa ya mazungumzo imesimama karibu na hapo hapo.

Fikhi nayo imeweka kanuni mashuhuri kuwa yakini haiondolewi kwa shaka. Na imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, ambacho hakifiki lita moja, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Basi mwenye kumaliza ndoo mbili kwa udhu mmoja hajapata ziada ya dini.

Lakini hapa ndipo wengi tunapokwama. Tunamwambia mgonjwa kanuni hii, tunamwambia na ya pili, naye haachi. Tunahitimisha kuwa ni mkaidi. Ukweli ni kwamba yeye kanuni anaijua, pengine kuliko sisi. Kinachomshinda si elimu, ni kengele inayolia ndani ya kichwa chake bila kuzimika.

KENGELE ISIYOZIMIKA

Katika ubongo, sehemu ya mbele iliyo juu ya macho hushughulika, pamoja na mambo mengine, na kutambua kwamba jambo fulani halijakaa sawa. Ndani zaidi kuna kiini kiitwacho kaudeti, ambacho husaidia kuchuja: taarifa ipi ipite na ipi iachwe, kitendo gani kimekwisha na kipi kianze. Ndani zaidi tena kuna kituo cha kupokea na kupeleka taarifa, ambacho huzirudisha mbele. Sehemu hizi tatu huwasiliana kwa mzunguko.

Kwa mtu mzima wa afya, ukishaosha mkono, taarifa ya "tayari" hupita na kengele hunyamaza. Kwa mwenye maradhi ya wasiwasi, picha za ubongo zimeonyesha kuwa mzunguko huu unafanya kazi kupita kiasi. Ni kama mlango usiofungika: taarifa ya "bado kuna kosa" inazunguka na kurudi pale pale. Macho yameona maji yamefika kisigino, lakini moyo hauridhiki.

Na kila anaponawa tena, hofu hushuka kidogo. Ubongo unajifunza somo baya: "Nimesalimika kwa sababu nimenawa." Kesho utadai zaidi. Hivyo kunawa kunakoonekana kama dawa ndiko kunakoulisha ugonjwa.

UBONGO HUBADILIKA KWA KUJIFUNZA

Zamani wengi walidhani ubongo wa mtu mzima ni kama tofali lililokwisha kuchomwa, haubadiliki tena. Sivyo. Mwanasayansi Eric Kandel alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa utafiti ulioonyesha, kupitia konokono wa baharini, kuwa kujifunza hubadilisha miunganiko baina ya seli za neva. Somo likirudiwa, seli huweza hata kuota miunganiko mipya. Mwaka huo huo wa 2000 watafiti wa London walichapisha picha za ubongo wa madereva wa teksi, ambao hulazimika kuhifadhi maelfu ya mitaa ya jiji hilo. Sehemu ya nyuma ya kiungo cha kumbukumbu ilikuwa kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu wengine.

Mfano wake tunao hapa Korogwe. Katika shamba la mkonge, njia inayokatwa na watu kila siku huwa pana na ngumu. Njia inayoachwa huota majani. Haifutiki kwa siku moja, na mvua moja ya watu wakipita tena itaonekana tena. Lakini kadiri watu wanavyozoea njia mpya, ile ya zamani huzidi kufunikwa. Ubongo uko hivyo. Mtoto wa madrasa anayerudia sura kila alfajiri anakata njia. Na mwenye kurudia udhu mara kumi naye anakata njia, ila inampeleka pabaya.

Tiba ya mazungumzo, kwa maneno mafupi, ni kazi ya kukata njia mpya kwa makusudi.

TIBA YENYEWE HUFANYWAJE?

Watu husikia "mazungumzo" wakadhani ni kubembelezwa au kupewa nasaha. Tiba hii ni zaidi ya hapo. Ni mafunzo yenye ratiba, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa, na kazi za kufanya nyumbani kila siku. Kwa maradhi ya wasiwasi, msingi wake ni mambo mawili: kulikabili lile linaloogopwa, na kutofanya kile kitendo cha kujituliza.

Mtabibu na mgonjwa hupanga ngazi pamoja, kuanzia lenye hofu ndogo hadi kubwa. Kwa binti wa mfano wetu ngazi inaweza kuwa hivi:

1. Kutawadha kwa kopo la lita moja, si kwa ndoo. Maji yakiisha, yameisha.

2. Kuosha kila kiungo idadi yake, kisha kuondoka uani papo hapo hata kama moyo haujaridhika.

3. Kuswali mara moja bila kukata swala kwa shaka tupu.

4. Kushika kitasa cha mlango au noti za dukani bila kukimbilia maji.

5. Kutomuuliza mama wala sheikh swali la udhu siku nzima.

Tazama kwamba katika ngazi hii hakuna mahali anapotakiwa kuswali bila udhu au kupuuza najisi ya kweli. Anatakiwa kufanya kile sheria ilichokitaka, kisha aishie hapo. Mtabibu asiyejua fikhi na awasiliane na mwalimu wa dini anayeaminika, wakubaliane mpaka uko wapi, kisha mpaka huo usibadilishwe.

Mwanzoni hofu hupanda sana. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, anaona hakika swala yake imebatilika. Hapo ndipo kazi ilipo. Asiponawa, baada ya muda hofu hushuka yenyewe. Ubongo umepata somo ambalo hakuna hotuba ingeweza kulitoa: "Sikunawa, na bado hofu imepita." Akirudia kesho na keshokutwa, somo linakita.

PICHA ZIMEONYESHA NINI?

Mwaka 1992 daktari Lewis Baxter na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambao unatajwa hadi leo. Walichukua wagonjwa 18 wa maradhi ya wasiwasi. Tisa walipewa dawa ya fluoksetini, na tisa walipewa tiba ya mazungumzo na mazoezi ya aina tuliyoieleza. Wote walipigwa picha ya kuonyesha jinsi ubongo unavyotumia sukari, kabla ya tiba na baada ya wiki kama 10. Kwa wale waliopata nafuu, kaudeti ya upande wa kulia ilikuwa imepunguza kasi yake. Jambo la kushangaza ni kwamba ilipungua kwa waliokunywa dawa, na ikapungua vile vile kwa ambao hawakunywa kidonge hata kimoja. Mwaka 1996 watafiti wa chuo hicho hicho walichapisha matokeo ya wagonjwa wengine waliotibiwa kwa mazoezi, na yakaelekea huko huko.

Mwaka 2002 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha jambo linalofanana kuhusu watu wenye hofu kubwa ya kusimama mbele za watu. Ndani kabisa ya ubongo kuna kiungo kidogo kama lozi, kiitwacho amigdala, ambacho ni mlinzi wa hatari. Wagonjwa 18 walipigwa picha wakiwa wanahutubia. Waliopona kwa dawa na waliopona kwa mazungumzo, amigdala zao zilitulia wote.

Basi anayesema "haya ni ya ubongo, mazungumzo hayawezi kusaidia" amekosea. Na anayesema "ni mawazo tu, si ugonjwa wa kweli" naye amekosea. Wazo, tabia na ubongo ni kamba moja. Ukivuta upande mmoja, mwingine unasogea.

Hata hivyo tusizidishe chumvi. Tafiti hizi zilikuwa na watu wachache, na picha huonyesha wastani wa kundi. Hakuna daktari anayehitaji picha ya ubongo ili kugundua maradhi ya wasiwasi. Huyagundua kwa kumsikiliza mgonjwa na familia yake. Usiuze mbuzi kulipia picha ya kichwa kwa ajili hiyo. Pia, si kila mtu hupona kwa mazungumzo peke yake. Wengine huhitaji dawa, wengine vyote viwili. Na njia ya zamani haifutiki kabisa: katika msiba, mitihani au baada ya kujifungua, wasiwasi unaweza kurudi, na mtu akarudia mazoezi yake.

HAPA KWETU

Wilaya ya Korogwe ina historia ndefu katika jambo hili. Juu katika milima ya Usambara ipo Hospitali ya Lutindi, ya Kanisa la Kilutheri. Mahali hapo palianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliookolewa kutoka biashara ya utumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, miongoni mwa pa mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu pale kazi imekuwa sehemu ya tiba: chai, bustani, kazi za mikono. Mgonjwa aliyefungiwa ndani hujifunza kufungiwa. Mgonjwa anayeamka, akafanya kazi na kusalimiana na wenzake, anaupa ubongo wake kitu kingine cha kujifunza.

Wengine husema tiba ya mazungumzo ni ya Wazungu. Ushahidi wa jirani zetu unakataa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda. Watu wenye huzuni kubwa walikutana katika vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo, si madaktari. Mwishoni, katika waliopata tiba walibaki na ugonjwa takriban 6 au 7 katika kila 100. Katika wasioipata walibaki karibu 55 katika kila 100.

Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa Moshi hapa Tanzania na Bungoma nchini Kenya. Yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 walishiriki, nusu wakipewa tiba ya mazungumzo kwa vikundi, wakiongozwa na washauri wa kawaida waliofundishwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, majeraha ya nafsi yalipungua zaidi kwa watoto waliopata tiba. Hao hawakupigwa picha za ubongo. Lakini walichofanya ni kile kile: kulikaribia lile linalotisha, polepole, wakiwa na mtu wa kuaminika, mpaka lipoteze makali.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, acha kukemea na kucheka. Aibu huufanya wasiwasi ujifiche, hauuondoi.

Pili, na hili ni gumu kwa mama mwenye huruma: acha kujibu swali lile lile. Kila unaposema "umekiosha mwanangu", unampa dawa ya dakika mbili na ugonjwa wa mwaka. Kubalianeni wakati ametulia, kisha akiuliza mwambie kwa upole: "Mwanangu, tulikubaliana. Hilo si wewe unayeuliza, ni wasiwasi." Vivyo hivyo maimamu na walimu: mpeni jibu moja lililo wazi, kisha msifungue tena mlango wa fatwa kwa swali lile lile.

Tatu, usimnyang'anye ndoo kwa nguvu. Tiba hii hufanywa kwa ridhaa ya mgonjwa na kwa ngazi, si kwa ghafla.

Nne, tunza ngozi. Mikono iliyochanika ni mlango wa vijidudu. Ipake mafuta, na kunawa kwa sabuni kubaki katika nyakati zake: baada ya choo, kabla ya kula, kabla ya kupika au kumlisha mtoto. Sekunde 20 zinatosha.

Tano, dua na dhikri ziendelee, kwani humpa mtu nguvu. Ila angalia zisigeuzwe kuwa kitendo kingine cha kurudiwa mara mia kwa hofu kwamba hazikutamkwa sawasawa.

Sita, mpeleke kwa wataalamu. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uulize mhudumu wa afya ya akili. Magunga ipo Korogwe mjini, Bombo ipo Tanga, na Lutindi tumeitaja. Mweleze mhudumu bila kuona haya: ni saa ngapi kwa siku, ni maji kiasi gani, ni swala ngapi zimepita wakati. Akiwa anatumia dawa, asiziache bila kumwona daktari.

Na tutofautishe. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeamini watu wote wanamwinda, au asiyelala siku kadhaa huku akizungumza bila kupumzika, huyo anahitaji daktari na mara nyingi dawa kwanza. Mazungumzo huja kusaidia, si kuchukua nafasi ya dawa. Na yeyote anayesema anataka kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini kunawa tena na tena huuzidisha wasiwasi badala ya kuumaliza?

2. Waliotibiwa kwa dawa na waliotibiwa kwa mazoezi mwaka 1992, ubongo wao ulifanana katika nini?

3. Katika nyumba yetu, ni nani ambaye tumekuwa tukimwita mkaidi au mvivu wa swala, kumbe pengine ni mgonjwa anayetaabika?

Swali la tatu lisipite hivi hivi. Dini ilipoweka udhu iliweka wepesi, na asiyepata maji ikamruhusu kutayamamu. Aliye nyumbani mwako akiupata udhu kuwa mateso, usimwongezee mzigo. Mkalishe, msikilize, kisha mfuatane hospitali.

Wabillahi tawfiq.